Barza ya Himbi: monstera, anturiamu au drasena? Naomba ulinganisho kabla ya Jumamosi

Mpangaji_Himbi (Goma)

Waheshimiwa wanachama, salamu kwenu nyote. Nimehamia hivi karibuni katika nyumba ya kupanga hapa Himbi, yenye barza pana mbele na sebule inayopata mwanga kupitia dirisha moja kubwa. Ninataka kuipamba kwa mimea ya kitropiki itakayodumu, wala si maua ya kutupwa baada ya sikukuu. Mwenye pepinieri (kitalu cha miche) mmoja amenitajia machaguo matatu ambayo bei zake zinakaribiana: monstera moja iliyokomaa, ambayo majani yake yamekwisha kupasuka, anturiamu nne zenye maua mekundu, au drasena sita zilizopandwa katika makopo, kila moja ikinifikia magotini. Fedha niliyo nayo inatosha chaguo moja tu, na amekubali kuniwekea yote hadi Jumamosi. Mke wangu anaelekea kwenye anturiamu, mimi ninavutiwa na monstera, na fundi aliyetupakia rangi anaapa kwamba drasena haifi hata ukiisahau. Je, ninyi mngechukua ipi?

Mama_Nyalukemba (Bukavu)

Karibu, baba. Swali lako ni zuri, ila umetuletea nusu yake, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Barza inaelekea upande gani, na jua linaipiga saa ngapi? Unamwagilia maji ya bomba, ya ziwani au ya mvua kutoka kwenye mabati? Una watoto wadogo, mbwa au mbuzi? Je, mwenye nyumba anakuruhusu kugongomea kitu ukutani? Bila majibu hayo, kila mmoja wetu atakusifia mmea ulioko kwake.

Kijani_Kampemba (Lubumbashi)

Mama amesema kweli, nami nitakuwa wa kwanza kuusifu mmea wangu. Chukua monstera. Asili yake ni misitu ya kuanzia kusini mwa Meksiko hadi Panama, ambako hutambaa juu ya mashina ya miti mikubwa, na ndiyo sababu ukiupa nguzo ya kushikilia mizizi yake ya hewani, majani mapya hutoka makubwa kuliko yaliyotangulia. Huku kwetu kiangazi huanza mwezi wa Mei na kuendelea hadi Septemba au zaidi bila mvua ya maana, usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ya kuvaa koti, na hewa hukauka hadi midomo inapasuka. Hata hivyo monstera yangu imevuka misimu hiyo yote ikiwa na hasara ya kingo chache zilizokauka. Ikiwa imestahimili Lubumbashi, Goma yenye unyevunyevu wa ziwa itakuwa kwake peponi.

Fundi_wa_Vyungu (Goma)

Ndugu wa Kampemba, ninakuheshimu, lakini Lubumbashi haina volkeno kama Nyiragongo. Anayelinganisha mimea ya Goma lazima aanze na maji ndipo aje kwenye majani, na ndiyo maana ninasisitiza swali la pili la Mama.

Nyiragongo na Nyamulagira hutoa gesi hata wakati hakuna mlipuko, na miongoni mwa gesi hizo kuna zenye florini. Mvua inayopita katika moshi huo huibeba florini hadi juu ya mabati, nayo huishia katika tangi. Kwa mimea mingi hilo si neno, ila drasena ni miongoni mwa mimea ya ndani iliyo dhaifu zaidi mbele ya floridi, yaani florini iliyoyeyuka majini. Mmea huifyonza kwa mizizi, maji hupanda na kupumuliwa nje na majani, lakini floridi hubaki nyuma na kujikusanya kwenye ncha na kingo. Utaona kwanza kidoti cha manjano kwenye ncha ya jani la chini, kisha ncha hugeuka kahawia na kukauka, na mpaka kati ya sehemu iliyokufa na iliyo hai huonekana wazi kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Watu hudhani ni kiu, wakaongeza maji yaleyale, na floridi nayo ikaongezeka.

Kwa hiyo yule fundi wa rangi ana haki kwa nusu: drasena haifi upesi, ila itakaa barazani ikiwa na ncha zilizoungua mwaka mzima.

Kijani_Kampemba (Lubumbashi)

Hapo sikubali. Drasena ni mmea wa Afrika hii hii, na Kivu yote nimeiona ikipandwa kwenye mipaka ya mashamba na kuzunguka nyua, inanyeshewa na mvua hiyohiyo ya volkeno, na hakuna anayeifuta majani. Kule Kilimanjaro Wachaga huiita masale na kuipa heshima ya kuombea msamaha. Mmea ulioishi na volkeno tangu enzi za mababu unawezaje kuogopa tangi la maji?

Fundi_wa_Vyungu (Goma)

Kwanza, jamii ya drasena ni kubwa, na ile ya mpakani si lazima iwe ile yenye mistari myeupe inayouzwa kwa ajili ya sebule. Pili, ile ya shambani ina udongo mpana wa kutawanya mizizi, na mvua kubwa huosha chumvi na kuipeleka chini kabisa. Katika kopo la maziwa chumvi haina pa kukimbilia. Tatu, nenda ukaitazame hiyo ya mpakani kwa karibu, jani kwa jani, halafu urudi utuambie ncha zake ziko namna gani.

Mama_Nyalukemba (Bukavu)

Kabla hamjamaliza vita vya floridi, niruhusuni nimweleze mwenzetu jambo ambalo lingempata hata kama maji yangekuwa safi kama ya chemchemi.

Nilihitaji drasena za kupanga kwenye ngazi za nyumba yetu, na muuzaji mmoja, ambaye sitamtaja, alinionyesha safu nzima ya makopo yaliyojaa udongo mweusi wenye unyevu, huku majani yaking'aa kwa kuwa yalikuwa yamefutwa kwa kitambaa chenye mafuta. Nilimuuliza kama zimekwisha kushika mizizi, naye akaniapia kwamba zina umri wa misimu miwili katika makopo yaleyale. Nililipa, nikamlipa na kijana wa kuzibeba hadi juu, maana mnajua milima ya Bukavu. Kwa wiki kadhaa hakuna kilichobadilika. Majani yalibaki ya kijani, nami nikawa ninawaonyesha wageni kwa fahari. Kisha moja ikaanza kulegea shingoni. Niliishika shina ili niisogeze, na ikatoka yote mkononi mwangu kama kigingi kilichochomekwa jana kwenye matope. Hakukuwa na hata uzi mmoja wa mzizi, na sehemu ya chini ilikuwa nyeusi, laini, yenye harufu ya samaki aliyelala. Nilizivuta zote, na zote zilikuwa vivyo hivyo: vipande vilivyokatwa kwenye ua la mtu na kuchomekwa katika udongo wa mfinyanzi uliobanwa.

Ubaya wa drasena ni huo: kipande chake kinaweza kukaa kijani kwa muda mrefu kikitumia maji yaliyomo shinani, kwa hiyo mnunuzi hajui kama amenunua mmea au fimbo. Niliporudi kulalamika, yule bwana aliniambia kwamba nilikuwa nimezinywesha maji kwa mkono mbaya. Mkono mbaya! Nilikata sehemu zilizooza hadi nikafika penye shina gumu lenye rangi safi, nikaziacha zikauke kidonda kivulini, kisha nikazipanda upya katika mchanganyiko wa changarawe na makaa yaliyopondwa. Baadhi zilichipua na ziko hai hadi leo. Nyingine zilikwenda jikoni.

Kwa hiyo, baba, usinunue kopo lolote kabla hujalipindua. Tazama matundu ya chini kama kuna mizizi inayochungulia, kisha shika shina karibu na udongo na ulivute taratibu. Mmea wenye mizizi hukataa.

Mpangaji_Himbi (Goma)

Nawashukuru sana, na ninaomba radhi kwa kuyaruka mambo ya msingi. Barza inaelekea magharibi, na jua huipiga tangu saa nane hadi linapozama, isipokuwa kona moja ambayo inafunikwa na mparachichi wa jirani. Maji yetu ni ya tangi linalojazwa na mvua ya mabati, na tangi likikauka tunanunua bidoni za maji ya ziwani. Tuna mtoto anayetambaa ambaye kila anachokiona hukipeleka kinywani. Mbuzi ni wa jirani, ila anafika.

Mwalimu_wa_Biolojia (Goma)

Huyo mtoto anayetambaa amebadilisha hesabu yote, na ninashangaa kwamba aliwekwa mwisho pamoja na mbuzi. Monstera na anturiamu ni za familia moja, ileile ya magimbi, na zote zina fuwele za oksalati ya kalsiamu ndani ya majani na mashina. Fuwele hizo zina umbo la sindano ndogo mno, na mtoto akitafuna jani humchoma mdomo, ulimi na koo, akatokwa na mate mengi na pengine kuvimba. Kila mama aliyewahi kuonja gimbi lisiloiva anaujua mwasho huo. Drasena haina tatizo hilo kwa kiwango hicho, ingawa ina saponini, kemikali zenye povu kama la sabuni, ambazo huwatapisha mbwa na paka.

Sina maana kwamba usinunue. Anturiamu zinaweza kuning'inizwa au kuwekwa kwenye rafu ya juu, ambapo mtoto hafiki. Monstera iliyokomaa huwezi kuiweka juu ya rafu.

Kuhusu jua la magharibi, hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayolitaka. Zote ni mimea ya chini ya miti mirefu. Jua la alasiri la Goma, katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, huacha mabaka meupe ya kuungua ambayo hayaponi. Itumie kona ya mparachichi.

Fundi_wa_Vyungu (Goma)

Mwalimu amenifungulia njia. Kwa maoni yangu chukua anturiamu, kwa sababu Goma inayo bure kitu ambacho mmea huo unakipenda. Kule Hawaii, ambako anturiamu ilipelekwa mwaka 1889 na Samuel Damon na hatimaye ikawa zao la biashara, wakulima wengi huipanda katika changarawe ya volkeno. Katika misitu ya Kolombia na Ekwado, ambako ilitoka, mizizi yake hushika magome ya miti na takataka laini za majani, kwa hiyo inataka hewa kuliko udongo. Sisi tunajenga kuta na kujaza barabara kwa mawe hayohayo.

Chagua changarawe nyeusi yenye matundu, iwe na ukubwa wa punje ya mahindi hadi haragwe, iloweke na kuiosha hadi maji yatoke safi kwa kuwa vumbi lake huziba kila kitu, kisha changanya na mboji iliyoiva pamoja na vipande vya makaa. Ukimwaga maji juu, yanapaswa kutokea chini papo hapo. Yakituama juu, umekosea mchanganyiko.

Kijani_Kampemba (Lubumbashi)

Sawa, na maji je? Umemtisha mtu na tangi lake, halafu unamwachia maji ya Ziwa Kivu, ambayo sote tunajua yana magadi. Sabuni yenyewe haiyapendi.

Mwalimu_wa_Biolojia (Goma)

Hoja ya ndugu yetu ni nzito. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, ya karibu 9 (7 ndiyo katikati, chini yake ni asidi), na yamebeba bikabonati nyingi za sodiamu na magnesiamu. Ukiyatumia peke yake katika chungu kidogo, baada ya muda utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu. Hapo ndipo penye mtego: floridi hufyonzwa zaidi udongo unapokuwa na asidi, kwa hiyo wenye drasena hushauriwa kuongeza chokaa kidogo ili pH ipande. Anturiamu nayo inataka asidi kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine, na anayetaka kuweka zote mbili katika barza moja hawezi kuzinywesha kwa mkono uleule.

Kwa anturiamu, maji ya tangi ndiyo bora, mradi mvua ya kwanza baada ya siku za kiangazi uiache imwagike chini badala ya kuingia tangini, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoosha majivu na vumbi la mabati. Kila baada ya muda, mwagilia kwa wingi hadi yatoke chini, ili chumvi zioshwe.

Mfanyabiashara_Kadutu (Bukavu)

Mnajisumbua bure. Ninaweza kumletea okidi za msituni, kutoka upande wa Kahuzi, kwa bei nafuu kuliko hizo zote, na tayari zimezoea hewa ya huku.

Mama_Nyalukemba (Bukavu)

Kijana wangu, hizo ziache zilipo. Kahuzi-Biega ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na okidi za mwituni zinalindwa hata na mkataba wa kimataifa wa CITES. Tena nyingi huishi kwenye gome la mti wake kwa ukungu na kivuli cha pale pale, na ukizileta sebuleni zinakauka. Mtu ananunua maiti kwa bei nafuu.

Mpangaji_Himbi (Goma)

Nimesoma yote pamoja na mke wangu, ambaye sasa anatembea na simu yangu akiwaonyesha majirani neno la Fundi. Bado roho yangu iko kwenye monstera, na nilikuwa ninawaza kuiwekea uzio wa mbao kwenye kona ya mparachichi hadi mtoto apate akili. Kesho nitapita pepinieri kuvuta mashina kama Mama alivyoelekeza, kisha nitawaarifu.

Kijani_Kampemba (Lubumbashi)

Uzio ni wazo zuri. Monstera!

Fundi_wa_Vyungu (Goma)

Mtoto atauvuka uzio huo kabla jani jipya halijafunguka. Ukifika, muulize pia kama bei aliyokutajia inahusu mmea pamoja na chungu, kwa sababu wengine hukutolea chungu siku ya kulipa na kukufungia mizizi katika gazeti.