Hivi ni kweli Yesu alipigiwa kura kuwa Mungu pale Nisea?

mtafuta_nuru: Wadau naombeni msaada, kuna jamaa kanibana kweli, anasema Yesu alifanywa Mungu mwaka 325, Kaisari Konstantino kaita kikao mjini Nisea, maaskofu wakapiga kura basi ikawa imani. Nilikosa jibu na iliniuma, maana Kanuni ya Imani naisali kila Jumapili. Hii mitaguso ya kale, yaani mikutano mikuu ya maaskofu, ina uzito gani kwetu leo?

Katekista_mstaafu: Ndugu, kikao kweli aliita Konstantino ila ubishi aliukuta. Ario, padre wa Aleksandria, alikuwa anafundisha kwamba Mwana kaumbwa, kuna wakati hakuwepo. Sasa Wakristo walikuwa wanamwabudu Kristo toka enzi za mitume, kama ni kiumbe basi walikuwa wanaabudu nini? Na shida ni kwamba kila andiko waliloletewa kina Ario walikuwa wanalikubali halafu wanalielewa kivyao, ndo maaskofu wakatafuta neno lisilopindika, hata kama halimo kwenye Biblia. Ndo hilo unalosali, "mwenye umungu mmoja na Baba".

Sauti_ya_nyika: Na ingekuwa kura tu si ingeisha palepale? Haikuisha! Atanasi, askofu wa Aleksandria aliyetetea Nisea, alifukuzwa jimboni mara 5, makaisari wengine waliofuata walikuwa upande wa kina Ario. Mpaka mtaguso wa Konstantinopoli 381 ndo ikatulia, na yale ya Roho Mtakatifu, "Bwana mleta uzima", ni ya huko. Halafu Nisea hawakupanga vitabu vya Biblia, hilo nalo watu wanalisambaza sana.

dada_Perpetua: Mimi kinachoniuma ni mtaguso wa Kalsedonia 451. Walisema Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, ya Mungu na ya mtu, ni sahihi na nalisadiki, ila Wakopti (Wakristo wa Misri), Waarmenia na Waethiopia hawakulipokea na utengano upo mpaka leo. Mwaka 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti wakatia saini tamko la pamoja kuhusu Kristo, Mungu kamili na mtu kamili. Miaka 1500 na zaidi jamani, na imani yenyewe kumbe ilikuwa karibu hivyo.

mtafuta_nuru: Asanteni sana, hiyo ya Atanasi namrudia nayo leo hii. Na ile "atokaye kwa Baba na Mwana" ni ya 381 pia?

Katekista_mstaafu: "Na Mwana" hapana, iliongezwa baadaye huku Magharibi, Waorthodoksi hawaisemi hadi leo. Hiyo fungulia uzi wake.