Tuliosafiri na watoto wadogo kwenda Tabora na Kigoma likizo ya Juni, tupeane uzoefu

Mnyanyembe wa Cheyo
Habari za jioni wakuu. Mchana nilikuwa sheli hapa Tabora mjini najaza mafuta, ikaingia Noah nyeupe, godoro juu, ndoo imefungwa kamba kwa nyuma. Mlango ukavutwa, wakashuka watoto watano wakifuatana, wa mwisho ana kandambili moja mguuni na nyingine hajulikani iliishia wapi. Mama yao hakushuka. Alikaa pale mlangoni, akafumba macho. Simjui hata jina, lakini nilimjua, maana Juni 2018 nilikuwa mimi pale pale.

Ile ya 2018 kwa kifupi: tulitoka Dar saa 10 alfajiri, mdogo akatapika Kibaha. Kibaha jamani, hata Vigwaza hatujaiona! Nguo zake zote ziko chini kabisa ya mizigo, na juu ya mizigo kuna sabufa ya baba mkwe ambayo tuliambiwa isilazwe ubavu. Mtoto alifika Dodoma kavaa fulana ya baba yake.

Mwaka huu ni zamu ya ukweni, Kasulu. Tunatokea hapa Tabora kwa gari letu, nina wa miaka 6, wa 4 na wa miezi 10. Kila aliyewahi kupita atoe yake.

Fundi Gea
Kibaha mbali mkuu. Wangu alianza Ubungo.

Mama Pacha
Umenigusa mama. Mimi 2016 nilipanda treni Dar hadi Kigoma na pacha wa miaka mitatu, peke yangu, baba yao alitangulia kazini. Reli ile inapita kilomita 1,200, na mwaka ule ukipanda unajua kabisa unalala njiani si mara moja. Nilikata daraja la pili kulala, chumba cha vitanda sita, wanawake watupu. Mpaka tunafika Morogoro pacha wangu walishakuwa na mashangazi wanne. Mmoja anawalisha, mmoja anawachapa, mimi nimelala kama niko kwa mama.

Sasa tukafika Saranda. Mnaoijua mnajua: treni haijasimama vizuri, mabeseni ya kuku wa kukaanga yashafika dirishani. Mimi nahangaika na chenji, Doto akavua kiatu akakidondosha nje. Kiatu cha sikukuu, kipya. Treni ikapiga honi. Nikaona kijana mmoja wa pale anakiokota, anakimbia sambamba na sisi, dirisha letu lishampita, akakirusha kwenye dirisha lolote lililokuwa mbele yake. Nikajua ndiyo basi. Kama dakika arobaini baadaye mlango unagongwa, baba mtu mzima kutoka daraja la tatu huko nyuma, kakishika kwa vidole viwili: "Kuna mtoto wa mguu huu humu?" Kilikuwa kimepita mikono ya mabehewa mangapi sijui.

Kwa hiyo ushauri wangu, treni. Mtoto anatembea, anajinyoosha, choo kipo.

Konda Mstaafu
Treni nzuri kama huna haraka. Ila naomba niseme na ninyi mnaopanda basi na mtoto wa miaka sita halafu mnasema "nampakata". Dar mpaka Kigoma unampakata mtu ana meno ya kudumu? Ikifika Singida miguu yake iko kwa jirani, kichwa kiko njiani, abiria anakuja kunigombeza mimi.

Mama wa Gungu
Kaka kama hujawahi kulipia nauli za watoto wanne kwa mshahara mmoja kaa kimya. Siti moja tu ni ada ya mtu.

Konda Mstaafu
Dada sijakutukana. Nimesema miguu.

Mama wa Gungu
Na mimi nimesema mshahara.

Kisado
Mnahangaika bure. Mpe piritoni kijiko kimoja kabla ya kuondoka, anaamka mko Nzega. Mimi nafanya hivyo miaka yote.

Nesi wa Zamu
Kisado hapana. Ile ni dawa ya mzio na mafua, usingizi ni madhara yake tu. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe bila kuonwa na daktari, na huyu mama ana wa miezi 10. Wengine dawa hiyo inawageuka, badala ya kulala anachachamaa usiku kucha. Kama anatapika garini, apate kitu chepesi kabla ya safari, si chai ya maziwa na mandazi matatu, akae anapoona mbele, dirisha lifunguliwe kidogo, na hiyo simu ya katuni mnyang'anye.

Kisado
Nesi unajua ya darasani. Wangu wako hai.

Mzee wa Urambo
Hilo la kufungua dirisha aliangalie vizuri. Njia ya Urambo, Kaliua mpaka Malagarasi ina vipande vya pori, na ndorobo, wale mbung'o, wanakimbizana na gari. Mkipunguza mwendo tu wamo ndani, na kuumwa naye ni kama kuchomwa sindano. Wanapenda rangi ya bluu na nyeusi. Msiwavalishe watoto sare ya bluu ya shule eti nguo za kuchafulia.

Chaya hadi Leo
Mzee wa Urambo umetaja ndorobo ukaniamsha. Sijawahi kuandika hii mahali popote.

Juni 2015 tulikuwa tunatoka Dodoma kuja Tabora kwa njia ya Itigi. Wakati huo Chaya hadi Nyahua, kilomita 85 hivi, kulikuwa na vumbi tupu, lami haijafika. Nyuma yupo binti yangu wa miaka minne, na pembeni yake kifurushi cha maharage ya mbegu mama yangu alikuwa anampelekea dada yake Sikonge. Binti alikuwa ameyatoboa mfuko, anayahesabu. Moja, mbili, tano, kumi. Halafu nyuma kukawa kimya. Mwenye watoto anakijua kimya hicho.

Mke wangu akageuka. Mtoto kakaa wima, hagusi kitu.
"Mama, harage limelala."
"Limelala wapi?"
Akaonyesha pua.

Nikasimamisha gari. Vioo vimefungwa kwa sababu ndorobo wamejaa nje wanagonga kama mvua, ndani joto, mke wangu anamulika kwa tochi ya simu. Linaonekana, mgongo wake wa njano uko pale pale karibu. Mtu akiliona hivyo anaona ni la kuchukua tu. Nikachukua pini ya nywele ya mke wangu. Nikaligusa. Likaenda juu, halikuonekana tena. Mtoto akaanza kulia, akilia analivuta zaidi, na nikakumbuka harage likikaa kwenye majimaji linavimba. Simu haina mtandao. Mbele sijui kilomita ngapi, nyuma nazijua na sizitaki. Niliendesha ile njia kama mwizi, mizigo inaruka, mke wangu hanisemeshi. Hajanisemesha kuhusu ile pini mpaka leo, ila ipo siku itatoka.

Tukakuta banda la nyasi kando ya barabara, asali imepangwa kwenye chupa za maji, bibi mmoja kakaa. Nikashuka nauliza hospitali hata salamu sikutoa. Yeye akasema taratibu, "Mwangaluka." Ikabidi niitikie. Ndipo akauliza mtoto ana nini. Akaja mpaka garini, akamtazama, akamwambia mke wangu, "Mpakate. Ziba tundu zima kwa kidole. Mdomo wako uweke kwenye wake kama unambusu, usiache upenyo. Mpulize mara moja, kwa nguvu."

Ya kwanza haikutoa kitu. Mtoto akaapa hataki tena. Bibi akampa asali kwenye ncha ya kidole, akatulia, mke wangu akapuliza ya pili. Harage likatoka likampiga mke wangu shavuni, likaangukia kwenye kanga. Limevimba, ganda limeanza kumenyuka.

Mimi nalia, mke wangu analia. Bibi kaliokota, analigeuzageuza. "Hii mbegu nzuri. Mnaipeleka wapi?" Hela ya shukrani alikataa. Nilinunua chupa tatu za asali na nikamwachia nusu ya maharage.

Fundi Gea
Duh.

Mama wa Gungu
Nimesoma nimeziba pua.

Kisado
Hii chai mkuu. Harage litoke kwa kupulizwa mdomoni?

Chaya hadi Leo
Chai ni ya kwenu. Binti yuko sekondari, nimwite akuhakikishie?

Nesi wa Zamu
Kisado, si chai. Mdomo na pua vinakutana kwa nyuma, ukiziba tundu zima hewa inatafuta njia kwenye lililoziba, inasukuma kutoka ndani. Hata hospitalini tunamwelekeza mama afanye vile vile. Kosa ni hiyo pini, na vibanio, na kidole cha baba. Ikishindikana mara moja au mbili acheni, mpelekeni hospitali. Na kama aliyeingiza ni betri ndogo ya duara, ya saa au ya rimoti, msijaribu lolote wala msisubiri, nendeni moja kwa moja. Ile inaunguza nyama ndani ya saa chache.

Mama Pacha
Sasa ngojeni. Maharage yalifika Sikonge?

Chaya hadi Leo
Nusu. Mama yangu anasema nilimdhulumu dada yake.

Bint Ujiji
Tumeacha barabara. Mimi yangu ni ya kucheka. Tumemtoa mwanangu Dar ana miaka mitano, siku ya tatu njiani, kachoka, kanuna. Tunaingia Kigoma, ziwa likatokea chini kule, bluu mpaka linakutana na mbingu. Akalitazama weee, halafu akaangua kilio: "Baba, tumerudi Dar!" Hatukuweza kumtuliza. Ilibidi kabla hata ya kwenda kwa bibi tumpeleke majini, achote kwa kiganja, aonje. Akaonja, akakunja uso akisubiri chumvi. Haikuja. Akaonja tena. Ndipo akakubali tumefika.

Mzee wa Urambo
Huyo awe jaji.

Fundi Gea
Mkirudi msisahau: mawese yasikae kwenye buti na mtoto asikalie dumu. Siti za gari langu ni za rangi ya chungwa hadi kesho. Sabuni zote nimejaribu, mpaka ya kuoshea injini.

Konda Mstaafu
Na msisimame kila mtoto akisema mkojo. Wakijua gari linasimama kwa mkojo, wana mkojo mpaka Kasulu. Kuchimba dawa kuwe na ratiba.

Mama wa Gungu
Kaka wewe watoto unao kweli?

Konda Mstaafu
Sita. Na wote nimewalipia siti.

Mnyanyembe wa Cheyo
Niliomba ya safari mkaniletea ya pua, ila asanteni, nimesoma zote, maharage nimeyahamishia kwenye buti. Nakwenda kwa Uvinza, siku moja, tunatoka alfajiri watoto wakiwa usingizini. Piritoni sitoi, Kisado nisamehe. Bado swali moja halijajibiwa. Zamani tulikuwa na mifuko ya rambo, mtu anatapikia anafunga. Tangu ipigwe marufuku Juni 2019, watoto wenu wanatapikia nini? Ile mbadala inavuja, nimeijaribu.

Mama Pacha
Kopo la siagi la kilo moja, lina mfuniko.

Mzee wa Urambo
Shimo la barabarani. Simamisha gari.

Bint Ujiji
Ndoo ndogo yenye mfuniko, chini weka maji kidogo na limao. Kila mtu ajue inakaa wapi, hata usiku.

Mnyanyembe wa Cheyo
Ndoo ya lita 5 au ya 10?

Fundi Gea
Ya 10. Watoto watatu, ya 5 inajaa Urambo.