Vijana wapya wanachanganya nondo, Mwanjelwa, Mbeya

Wakuu, nina duka la vifaa vya ujenzi. Kila kijana mpya anatoa nondo ya milimita 10 badala ya 12. Nifanyeje?

— Anzia kwenye usaili. Mpe nondo mbili, futi na kikokotoo. Apime, apige hesabu, aandike risiti. Dakika 15 zinatosha, vyeti baadaye. Wiki ya kwanza asiuze: ahesabu stoo na kupaka ncha rangi, kila saizi na yake. Ukimweka kaunta mapema anabahatisha, maana anaona aibu kuuliza. Wiki ya pili auze na mzoefu, droo ya pesa asiiguse.

— Na umwandikie kazi, saa na mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka hivyo.

— Nondo ikikatwa, rangi si inapotea?

— Kateni upande usiopakwa, mkuu.