Mjadala: Pesa za vijana wa Malindi zijenge ulingo wa ndondi?

Mwana wa Maweni:
Assalamu alaikum wana Malindi, na ndugu zetu wa Lamu mnaopitia hapa. Kila mwaka fedha za vijana zinaishia kwenye jezi na mipira. Safari hii naomba tudai ulingo wa ndondi, na vijana wenye miili wapewe nafasi ya kwanza. Kijana wa kilo 95 hapa kwetu anaonekana ni wa kubebeshwa magunia tu, wa kumvisha glavu hakuna. Bondia Muhammad Ali alianza akiwa na miaka 12 kwa sababu polisi mmoja wa Louisville alikuwa na ukumbi wa mazoezi. Alipofika miaka 18 alikuwa na dhahabu ya Roma, 1960. Sisi Wakenya tuna bondia Robert Wangila, dhahabu ya Seoul 1988, na Elly Ajowi alifika Olimpiki ya Tokyo katika uzani mzito. Ulingo si anasa: jukwaa la mita 7.80 kwa 7.80, nafasi ya ndani ya kamba mita 6.10, mbao imara, sponji ngumu ya sentimita 2 na turubai lililokazwa juu yake. Anayepinga aseme sababu.

Dada Muyeye:
Kaka, umemfikisha Ali Roma ukamwacha hapo hapo. Mbona humalizi safari? Oktoba 1980, Las Vegas, ana miaka 38, mwili umekauka kwa dawa ya tezi aliyomeza ili apungue, bondia Larry Holmes anampiga raundi 10 mpaka kona yake, yaani wasaidizi wake, ikasema basi. Mwaka uliofuata akapelekwa tena Bahamas kupigwa na Berbick. 1984 akaambiwa ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Na Wangila wako huyo huyo alifariki Las Vegas 1994 baada ya pigano. Ukitaka mfano wa pesa ya umma kutiwa kwenye ndondi, upo: Mobutu, rais wa Zaire, alitoa dola milioni 10, tano za Ali na tano za bondia George Foreman, wapigane Kinshasa saa kumi alfajiri ili Marekani watazame kwa wakati wao. Mwananchi wa Zaire alibaki na nini? Na hata hilo pigano, Ali alilishinda kwa kamba zilizolegezwa na kocha wake.

Nahodha wa Langoni:
Dada yangu, hapo kwenye kamba sikubali. Kocha huyo, Angelo Dundee, alikana tuhuma hiyo mpaka akafariki 2012. Alieleza kwamba alihangaika kuzikaza. Kamba ina tabia zake, na sisi wa Lamu hilo hatufundishwi. Katani ikilowa, nyuzi zinavimba na kamba inafupika. Henza, kamba ya kupandishia tanga, ikiwa ya katani ukiifunga imekazika ikiwa kavu, ikipigwa na mvua usiku, asubuhi fundo halifunguki. Nailoni ni kinyume chake: ikinywa maji inarefuka na nguvu yake inapungua. Kinshasa mwezi wa Oktoba hewa ni nzito, na baada tu ya pigano lile mvua ilimwagika kama ya masika. Kamba kulegea kwenye hewa kama hiyo hakuhitaji mkono wa mtu.

Mzee wa Shella:
Wacha majahazi, bwana. Ali alipanda na ratili 216 na nusu, Foreman 220. Jumla karibu kilo 198 zinaegemea upande mmoja raundi saba nzima. Kamba gani haitalegea? Hewa haihusiki.

Nahodha wa Langoni:
Mzee wangu, kwa heshima, tanga likishiba kusi linavuta kuliko hao wawili, na demani, kamba ya kushikilia tanga, haikatiki wala hailegei ikiwa imefungwa na mtu anayejua. Uzito peke yake si sababu. Ulizia kamba ilikuwa ya nini na ilifungwa lini.

Kona Nyekundu:
Nyote wawili mnasahau kwamba kamba za ulingo hazifungwi kwa fundo. Kila kona ina skrubu za kukazia, na kila upande una mishipi miwili ya wima inayoshikanisha kamba zote nne. Mishipi ikikosekana, kamba ya pili na ya tatu zinaachana na bondia anatumbukia katikati. Na ukikaza kona moja mpaka mwisho kabla ya nyingine, nguzo inavutika na turubai linafanya mikunjo. Bondia wa kilo 100 akikanyaga mkunjo, kifundo cha mguu kinageuka. Unazunguka kona zote nne, kidogo kidogo, kisha unarudia saa chache kabla ya pigano. Hapa Malindi ongeza grisi, maana hewa ya chumvi inazishika skrubu hizo kutu mara moja.

Dada Muyeye:
Nimesema neno moja juu ya kamba mmenijazia ukurasa. La Mobutu hakuna aliyeligusa.

Kijana wa Barani:
Dada, wewe unaiogopa ndondi tu. Parkinson inawapata hata walimu wa madrasa ambao hawajawahi kurusha ngumi. Mwangalie Foreman. Alimwangusha Frazier mara sita Kingston, 1973. Akarudi akiwa mzee, 5 Novemba 1994 akamzimisha Moorer raundi ya 10 akiwa na miaka 45. Amefariki 2025 na akili zake timamu. Mbona ndondi haikumla huyo?

Dada Muyeye:
Siogopi, na usinisemee moyo wangu. Huyo Foreman uliyemleta alikaa miaka kumi bila kupigwa, 1977 hadi 1987, tena maisha yake yote alikuwa yeye mpigaji. Madaktari waliandika kuhusu ulevi wa ngumi, yaani ubongo kuharibika kwa kupigwa, tangu 1928, kabla Ali hajazaliwa. Ukisema ugonjwa wa Ali ulikuwa wa kuzaliwa nao, madaktari wengine watakuunga mkono, sawa. Lakini mikono ikitetemeka na ulimi ukiwa mzito, unampeleka mtu kupumzika. Haongezewi raundi 10.

Kona Nyekundu:
Hapa dada ana haki, na tatizo linaanza mbali na pigano. Ubongo unaumia zaidi mazoezini. Pigano ni mara chache kwa mwaka, mazoezi ya kupigana ni kila wiki. Ali alikuwa anajiacha apigwe na wenzake wa mazoezi ili azoee. Kofia ya ngumi inazuia kuchanika, haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Wanaume wa ridhaa walivuliwa kofia hizo tangu 2013. Sasa huyo kijana wa kilo 95 wa Maweni atafanya mazoezi na nani? Uzani mzito wa kulipwa unaanzia juu ya ratili 200, yaani kilo 90.7, na juu hakuna kikomo. Hata mabingwa wanaachana sana: Usyk alimshinda Fury 2024 akiwa na ratili 223 na nusu dhidi ya 262. Hapa mtampa kijana wenu mtu wa kilo 75. Ama atamuumiza, ama atajifunza kusukuma kwa mwili badala ya kupiga. Mvisheni glavu za wakia 18, wapigane raundi tatu kwa kasi ndogo, mara mbili kwa wiki, zisizidi.

Na kona ifundishwe kabla ya bondia. Tokyo, 11 Februari 1990, Tyson jicho linavimba mbele ya Douglas, kona ya bingwa wa dunia haina chuma baridi cha kubonyezea uvimbe. Wakajaza maji ya barafu kwenye glavu ya mpira ya daktari, wakamwekea usoni.

Mzee wa Shella:
Tyson hakushindwa kwa jicho. Raundi ya nane Douglas alikuwa chini na refa akahesabu polepole. Alikaa zaidi ya sekunde kumi!

Kona Nyekundu:
Mzee, bondia anafuata hesabu ya refa, hafuati saa ya ukutani. Aliinuka kwenye tisa ya refa, imekwisha. Nirudi kwenye jicho. Chuma kinabonyezwa, hakisuguliwi, ukisugua unaisambaza damu chini ya ngozi. Na kidonda: kati ya raundi una sekunde 60, ukitoa za kuketi na za kuinuka zinabaki kama 40. Futa kwa taulo safi, bonyeza kijiti cha pamba chenye adrenalini ya 1 kwa 1,000, usikiinue kuchungulia, kisha vaselini. Anayechungulia kila mara anaufungua upya. Vitali Klitschko alikuwa mbele 58 kwa 56 kwa majaji wote watatu dhidi ya Lewis, 2003, daktari akasimamisha baada ya raundi ya sita kwa mpasuko wa jicho. Upo mpasuko ambao hata kona bora haiuzuii.

Mwana wa Maweni:
Basi nibadilishe ombi. Ulingo usubiri. Tuanze na magunia ya kupiga na mafunzo ya watu wa kona.

Kona Nyekundu:
Gunia lisijazwe mchanga mtupu. Mchanga unashuka, chini panakuwa jiwe na juu panabaki mfuko, vifundo vya mikono vinakwisha. Jazeni mitumba iliyokatwa vipande na kushindiliwa, katikati muweke vifuko vidogo vya mchanga, mpaka lifike kilo 45 au zaidi kwa vijana wazito.

Dada Muyeye:
Nitatia sahihi nikiona kwenye ombi jina la kazi, si la mtu: nani mwenye mamlaka ya kusema basi? Manila 1975, akipigana na Ali, kocha wake Eddie Futch alimzuia Frazier asitoke raundi ya 15, jicho la kushoto lilikuwa bovu tangu zamani na la kulia limefumba. Frazier alitaka kuendelea, Futch akakataa. Andikeni daktari awepo, na kijana aliyezimishwa asirudi ulingoni kabla ya siku 30. Na la Mobutu bado nalingoja.

Nahodha wa Langoni:
Dada, la Mobutu mimi siliwezi. Ila mkifika kwenye ulingo, katani msinunue, na nailoni msinunue. Chukueni polyesta, hainywi maji sana wala hairefuki ovyo, muivishe kitambaa laini isichune migongo. Nani ana vipimo vya unene?