Tupeane uzoefu: mara yako ya kwanza kuchungulia hadubini

Mama Wawili, Isevya: Jana nachambua maharage, binti yangu wa kidato cha kwanza akaniuliza, "Mama, haya yana uhai?" Nikaikumbuka maabara yetu. Hadubini moja, kile chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, sisi zaidi ya sitini. Niliona ngozi ya kitunguu iliyotiwa ayodini, vyumba vyumba kama ukuta wa matofali. Wenzangu mliona nini?

Kibirizi Boy: Kitunguu hichohicho!

Wa Mwandiga: Mimi ule mlio nausikia hadi leo. Tulichota maji ya dimbwi lenye majani yaliyooza, tone likawekwa kwenye slaidi. Kwa lenzi ndogo nikaona kitu kinapita mbio. Nasogeza slaidi kushoto nikifuate, chenyewe kinakimbilia kulia. Nikataka kukiona vizuri, nikageuza hadi lenzi ya 40, ile inayokuza mara arobaini, jicho halibanduki, mkono unazungusha skrubu kubwa. Ta! Slaidi ikapasuka, lenzi ikakwaruzika. Mwalimu hakunichapa. Alikaa kwenye stuli, lenzi kiganjani, kimya. Heri angenichapa. Baba aliuza madumu mawili ya mawese kulipa.

Mama Wawili: Pole sana mdogo wangu.

Fundi Ujiji: Pole mkuu. Anza na lenzi ndogo kabisa, isogeze karibu na slaidi huku unatazama kwa pembeni, ndipo uchungulie ukiitenganisha nayo. Ukifika 40, skrubu ndogo tu.

Mzee wa Cheyo: Sisi tuliita darubini.

Fundi Ujiji: Shikamoo mzee. Darubini ni ya kutazamia mbali.

Mzee wa Cheyo: Marahaba. Kile kioo cha chini kielekezeni juani, mtaona vizuri.

Kibirizi Boy: Hapana mzee! Jua la moja kwa moja linaunguza jicho. Elekeza kwenye mwanga wa dirishani.

Mtoto wa Reli: Mimi niliandika treni ina uhai. Inatembea, inakula mafuta, inatoa moshi. Nikapewa sifuri, na bado naona nilionewa.

Fundi Ujiji: Hukuonewa. Haikui, haizai, haina hata seli moja, vile vyumba mlivyoviona kwenye kitunguu. Sifa ni saba: kula, kupumua, kujongea, kukua, kuhisi, kutoa takamwili, kuzaa.

Mtoto wa Reli: Na nyumbu, mtoto wa punda na farasi? Hazai. Naye hana uhai?

Fundi Ujiji: Seli zake zinagawanyika kila siku, kaka. Usimfananishe na behewa.

Mama Wawili: Jamani, maharage yangu!

Mzee wa Cheyo: Yamekauka, yamekufa hayo.

Kibirizi Boy: Yamelala tu. Mbegu kavu inapumua polepole mno, ikipata maji inaamka. Ukishaichemsha ndiyo basi.

Mama Wawili: Nimetenga punje kumi kwenye kitambaa kibichi, zingine ziko jikoni. Binti anafunua kila saa.

Wa Mwandiga: Dada, shuleni kwao wakikubali, aende na maji ya dimbwi. Aanze na lenzi ndogo.