Kaske (vifaa vya kusikilizia vinavyofunika masikio) ya kuzuia kelele kwa abiria wa ndege ndogo: nichukue ipi?

Mama Ketsia, Lubumbashi

Jambo wakubwa. Bwana yangu ni rubani wa Cessna 206, na mimi ni muuguzi. Kunapokuwa na nafasi napanda naye hadi Kilwa au Moba kufuatilia mambo ya chanjo. Yeye amejinunulia kaske ya Bose, anaendesha kama mtu aliyekaa sebuleni. Mimi ananipa ile David Clark ya kijani ya zamani. Inanibana kichwa, na kwa kuwa navaa miwani, mikono ya miwani inanichimba juu ya masikio mpaka natamani kuitupa dirishani. Tukishuka, masikio yanalia ziii mpaka usiku.

Nimeweka dola 500 pembeni. Bwana anasema kaske ya umeme, hii wanaiita ANR, ni anasa kwa abiria. Kweli? Na hizi za muziki za Bluetooth zenye kuzuia kelele haziwezi kufanya kazi? Kuna siku tunabeba na binti yetu wa miaka 7, naye nimfanyie nini?

Kijana wa Kamalondo

Mama, chukua ya muziki tu. Mimi nilipanda nayo ndege ya kwenda Kinshasa, nililala usingizi mzito. Hiyo pesa nyingine nunua viazi.

Fundi Redio, Luano

Kijana, ile ya Kinshasa ni ndege kubwa, ina mhudumu wa kukuambia funga mkanda. Ndani ya 206 anayekuambia ni rubani, na anakuambia kupitia intakomu, mfumo wa kuongea ndani ya ndege. Kaske ya muziki haina plagi ya kuingia huko wala maikrofoni ya kumjibu. Mama akiona mlango haukufungwa sawasawa, atamwambiaje? Kwa kumpiga bega wakati anaongea na mnara wa uwanja wa ndege? Wapo wanaouza maikrofoni ya kufunga kwenye kaske ya muziki, ni njia inayofaa, lakini kwa mtu anayesafiri mara kwa mara mimi napendelea kitu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mama Ketsia, nianze na ule mlio wa usiku, maana huo si wa kuchezea. Ndani ya ndege ya pistoni kelele inapita desibeli 90 bila shida (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, imeweka kikomo cha 85 kwa saa 8, na kila zikipanda 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1. Sasa hesabu mwenyewe safari ya Moba. Halafu rubani ana kazi mikononi na redio inamshughulisha. Abiria amekaa tu, kelele yote ni yake. Kwa hiyo hapo kwenye anasa bwana wako sikubaliani naye.

ANR ni hivi: ndani ya kila kikombe kinachofunika sikio kuna maikrofoni ndogo inayosikiliza muungurumo, kisha spika inatoa wimbi la kinyume na yote mawili yanauana. Inashinda sana sauti nzito, yaani injini na propela. Sauti nyembamba za upepo bado zinazuiwa na sponji na kikombe chenyewe. Ndiyo sababu hata kaske ya bei kali, sponji ikiwa imekufa, haikusaidii sana.

Na hapo ndipo shida yako ilipo. Hiyo ya kijani ni ngumu kufa. Kama ni modeli ya H10-13.4, kiwandani inaandikwa kuwa inapunguza desibeli 23, lakini ni pale tu inapokaa vizuri kuzunguka sikio. Mkono mnene wa miwani unafungua mwanya, na kelele inapita palepale. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: ikibaki na shimo, au ikiwa imekauka na kupasuka, imekwisha. Joto letu na jasho vinaziua haraka. Weka mpya za jeli, tafuta miwani ya mikono myembamba ya chuma, na chini ya kaske vaa vile vizibo vya povu vya masikioni, vya franga kidogo tu. Ongeza sauti kwenye kitufe cha kaske, utamsikia bwana wako vizuri. Fanya hivyo kabla ya kugusa zile 500.

Ukiona bado, basi ANR. Bose A30 mpya inapita dola elfu moja, na Lightspeed Zulu au David Clark ONE-X nazo zitapita pesa yako. Kwa pesa yako ni Bose A20 iliyotumika, labda kwa marubani wanaotoka Johannesburg. Usilipe bila kuisikiliza injini ikizunguka: washa na uzime, pande zote mbili zitulie sawa.

Angalia plagi! 206 inataka mbili, ya 6.35 mm ya kusikilizia na ya 5.2 mm ya maikrofoni. Ikiwa na moja nene, hiyo ni ya helikopta, U-174, utahitaji adapta. Ikiwa na ile ndogo ya LEMO yenye pini sita, inakula umeme wa ndege kwenye tundu maalumu, na viti vingi vya nyuma havina tundu hilo. Wewe chukua ya betri. A20 inatumia AA mbili, beba na za akiba, si zile za barabarani zinazokufa njiani. Betri ikiisha bado utasikia intakomu, ila muungurumo unarudi wote.

Rubani wa zamani, Likasi

Fundi amesema. Kwa mtoto usinunue ANR. Shida ya mtoto ni kichwa kidogo: kaske ya mkubwa inateleza, vikombe vinaacha mwanya shavuni. Kuna za watoto, kwa mfano H10-13Y ya David Clark. Na mwonyeshe maikrofoni ikae karibu kugusa mdomo. Ikiwa mbali inadhani sauti yake ni kelele, inaikata, halafu mtoto anapiga makelele bure.

Mama Ketsia

Aksanti sana papa fundi, na wewe mukubwa wa Likasi. Nimebonyeza sponji: shimo limebaki, na upande mmoja umepasuka kabisa. Bwana amecheka, akasema kumbe zinabadilishwa. Swali moja: sauti inatoka sikio la kushoto tu. Spika imekufa?

Fundi Redio, Luano

Kwenye hiyo ya kijani, jaribu kwanza kuzungusha plagi ya 6.35 taratibu ndani ya tundu. Sauti ikija na kupotea, ni uchafu au waya, si spika. Ukinunua A20 ukakuta hivyohivyo, kuna swichi ndogo kwenye kiboksi cha betri ya kubadili stereo (kila sikio na sauti yake) na mono (sauti moja masikio yote). Weka mono.