Mjusi wa Tendaguru arudi Lindi au tudai mgao?

Mwana_Lindi: Wakuu salama? Nauliza tu bila ugomvi. Yule mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Lindi enzi za Mjerumani, aliyesimamishwa makumbusho ya Berlin, mita 13 na ushee kwenda juu, watu wanalipa kiingilio kumwona, na sisi tunaotoka huko alikochimbuliwa hatuambulii kitu. Bungeni wameshaongea weee lakini wapi. Mnaonaje, arudishwe au tudai mgao?

kijanawatown: Mkuu tuwe wakweli, akirudi tunamweka wapi? Atakaa kwenye kontena bandarini akisubiri kibali mpaka tuzeeke. Bora mgao, wajenge makumbusho Lindi na wasomeshe vijana wetu hiyo fani ya mifupa.

Mmwera Halisi: Hiyo ya "mtamweka wapi" ndo wimbo wao kila siku. Wajerumani wenyewe walichimba 1909 mpaka 1913, mjusi akasimamishwa 1937, na kuna mizigo mingine waliyoifunga kwa mianzi ikakaa stoo miongo na miongo bila kufunguliwa, sasa hapo nani anajua kutunza? Halafu watu mnasahau nani alifanya kazi. Vita ya Majimaji ndo kwanza imeisha 1907, njaa kila kona, babu zetu wakabeba tani zaidi ya 200 kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa mafundi alikuwa Boheti bin Amrani lakini mjusi akapewa jina la Branca, bosi wa makumbusho aliyekaa zake Berlin 😂 Boheti kakumbukwa 2007, tena jina lake kapewa mjusi mwingine kabisa.

mjukuu wa Kibosho: Mie mjusi baadaye, kwanza mafuvu ya watu waliyobeba Wajerumani. La Mkwawa, chifu wa Wahehe, liliandikwa kabisa kwenye mkataba wa Versailles 1919, likarudi 1954, fikiria. Mangi Meli, chifu wa Wachaga, kanyongwa 1900 pale Old Moshi na kichwa chake ukoo unakitafuta mpaka leo. Rais wa Ujerumani alikuja Songea 2023 akaomba radhi, sawa tumesikia, ila radhi haizikwi.

Wa Tana: Majirani niaje. Huku Kenya Wapokomo wanalilia Ngadji, ngoma yao takatifu iliyobebwa enzi za Mwingereza, iko British Museum na imefungiwa stoo. Sasa wakisema wanatuhifadhia kwa faida ya dunia nzima, dunia gani hiyo inayoingia stoo?

Mwana_Lindi: @mjukuu wa Kibosho kwa mafuvu umemaliza, hayo hayana mjadala. Ila @kijanawatown mgao wenyewe hujasema, tunahesabu kuanzia lini, 1937 au mwaka huu?